Marehemu Shaaban Robert na Majina Aliyowapa Watu Wake

Jina la Marehemu Sheikh Shaaban Robert si geni kwa mtu yeyote aliyepita shule katika nchi hii. Tumekutana nalo tangu madarasa ya chini, juu ya majalada ya vitabu na chini ya mashairi tuliyoambiwa tuyakariri. Lakini habari za maisha yake hazijulikani sana miongoni mwetu, na wengi humtaja kama mtu atajavyo mlima ulio mbali ambao hajapata kuukanyaga. Kwa hiyo nimeona niwaletee wasomaji wa gazeti letu habari zake kwa ufupi, na katika habari hizo nitakaa zaidi penye jambo moja ambalo limenishughulisha muhula huu mzima, nalo ni majina. Sijaona mwandishi mwingine wa Kiswahili aliyeyatwisha majina ya watu na nchi za hadithi zake mzigo mkubwa kama yeye.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Wakati huo nchi yetu ilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani. Asili ya wazee wake ilikuwa Uyao, lakini yeye alilelewa katika Kiswahili cha pwani na katika dini ya Kiislamu. Jina lake lenyewe ni kama kitendawili. Shaaban ni mwezi wa nane katika kalenda ya Kiislamu, mwezi unaotangulia Ramadhani. Robert ni jina la Kizungu. Msomaji aliye mbali aweza kujiuliza bwana huyu alikuwa mtu wa dini gani. Yeye hakulificha hata moja. Aliyaweka yote mawili, moja kando ya jingine, juu ya vitabu vyake.

Mwaka 1922 alipelekwa shule Dar es Salaam, akasoma huko mpaka 1926, na katika vijana kumi na mmoja waliofaulu na kupewa cheti yeye alikuwa wa pili. Sisi wa kidato cha nne tumekwisha kaa darasani miaka mingi kuliko hiyo, nami nalisema neno hili kwa haya kidogo. Mwaka ule ule wa 1926 aliajiriwa kuwa karani wa forodha, akafanya kazi hiyo hata 1944, Pangani na penginepo. Kisha akahamia Idara ya Wanyama, akapelekwa bara, Longido, katika nchi ya Wamasai. Hapa kwetu Lamadi, ambapo lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti li karibu na nyumba zetu, twajua kuwa kazi ya karani wa namna hiyo ni karatasi zaidi kuliko simba. Mwaka 1946 alirudi Tanga, akawa karani katika ofisi ya wilaya hata 1952, na baadaye katika ofisi ya upimaji wa ardhi hata 1960. Ukihesabu, ni miaka thelathini na minne ya kuandika mambo ya wengine, na kuandika yake mwenyewe katika saa zilizobaki. Barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge, za miaka 1931 hata 1958, zimechapishwa kuwa kitabu, na aliyezisoma ameona jinsi saa hizo zilivyokuwa chache.

Alioa mara tatu. Mke wake wa kwanza, Amina, alifariki angali kijana, akamwachia watoto. Kwake alitunga shairi ambalo wengi twalijua kwa jina hilo hilo la Amina. Neno hilo, kama ajuavyo kila mtu, ndilo tunalofungia dua.

Nisimame hapa kidogo niseme habari ya majina kwetu, ili msomaji aone kwa nini jambo hili halikunipita. Katika Usukuma jina la mtoto si pambo. Aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Aliyetanguliza miguu ni Kashinje. Ukiitwa mbele ya watu, wamekwisha ambiwa sehemu ya habari zako. Na katika ngano ya Shing'weng'we, lile zimwi lililomeza watu wote pamoja na mifugo yao, aliyeliua ni kijana Masala Kulangwa. Masala ni akili. Kulangwa ni kufundishwa. Mama yake aliponea kwa kujificha katika makapi, akamzaa hali wenziwe wote wamo tumboni mwa zimwi. Kijana alipokua akawa anaua mdudu, kisha ndege, kisha mnyama, na kila mara anauliza kama huyo ndiye Shing'weng'we, naye anaambiwa siye. Hakuzaliwa akijua, aliuliza hata akajua. Bibi yangu akiisimulia hadithi hii hatoi maana ya jina lile hata mara moja. Hana haja, maana wanaomsikiliza wanalisikia.

Basi nilipokifungua kitabu cha Kusadikika nilikuwa na masikio ya namna hiyo. Kitabu kilichapishwa mwaka 1951 na kampuni ya Nelson ya Uingereza. Nchi ya Kusadikika iko angani, haigusi ardhi. Tazama jina hilo. Kutokana na sadiki twapata sadikika, yaani kuweza kuaminiwa. Nchi ambayo hakuna mtu awezaye kuamini kuwa ipo ndiyo iliyopewa jina la kuaminika! Tena ile ku- ya kitenzi, tunayofundishwa katika sarufi, inafanana kwa sauti na ku- ya mahali, ile ya huku na kule. Hivyo neno lililokuwa tendo likageuka kuwa nchi bila kuguswa hata herufi moja, na raia wake wakawa Wasadikika. Nadhani mtu asiyekijua Kiswahili hawezi kuonyeshwa mchezo huu hata akitafsiriwa kitabu kizima.

Katika nchi hiyo kijana Karama ameshitakiwa mbele ya mfalme na baraza lake. Kosa lake ni kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria, na mshitaki wake ni waziri Majivuno. Karama hapigi kelele wala hamtukani mtu. Asimulia habari za wajumbe sita ambao Kusadikika iliwatuma zamani katika pande nne za dunia, na juu mbinguni, na chini ardhini, watafute mambo yenye manufaa. Nao waliporudi na maarifa wakatiwa gerezani. Majina yao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Jioni moja nilikaa na kamusi nikayaandika upya kwa maneno mepesi: Uthibitisho, Wema, Kukubali, Msaada, Radhi na Uaminifu. Soma sasa hukumu za nchi ile kwa majina hayo ya pili. Nchi imemfunga Uthibitisho. Imemfunga Wema. Msaada alirudi nyumbani kutoka safari ndefu, naye akafungwa. Mwandishi hakuhitaji kuongeza mstari wa lawama, kwa kuwa orodha ya wafungwa ilikuwa lawama tosha.

Hapana budi tukumbuke mwaka. Mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na chama cha TANU kilikuwa hakijazaliwa, maana kilizaliwa 1954. Mwandishi alikuwa karani wa serikali ile ile, akila mshahara wake katika ofisi ya wilaya. Kama angaliandika habari ya mkubwa fulani wa mji fulani aliyewafunga watu kwa kuwa wanaitaka sheria, nadhani kitabu kisingalifika kwa mchapaji, na mwenyewe angaliitwa ajieleze. Lakini nani awezaye kumwita mtu ajieleze kwa ajili ya nchi iliyo angani? Na ofisa ambaye angesimama na kusema kwamba Majivuno ni yeye, angekuwa amejishitaki kwa kinywa chake. Wachunguzi wengi wa fasihi wamekisoma kitabu hiki kuwa ni sura ya utawala wa kikoloni, nami naona hivyo hivyo.

Katika darasa letu kulikuwa na ubishi mkali juu ya majina haya. Wengine walisema yanaiharibu hadithi: ukisikia Majivuno umekwisha jua yote, huna la kungojea, watu halisi hawatembei na tabia zao zimeandikwa kifuani, na wahusika wa Shaaban Robert ni bapa kama karatasi. Ubishi huo una nguvu, na hata wahakiki wakubwa wameutoa. Lakini wanaosema hivyo wanasahau jambo moja. Ni sisi wasomaji tunaolisikia jina lile. Wasadikika hawalisikii. Waziri yule ameitwa Majivuno kila siku, barazani, mbele ya mfalme, na kila siku wamemwamini. Jina lake la kweli halikufichwa mahali popote. Limetangazwa, ila masikio yamezoea.

Katika hadithi za mataifa mengi shujaa hutafuta jina la siri la jini au la mchawi, na akilipata amemshinda. Wajerumani wanayo hadithi ya kibwengo Rumpelstilzchen, iliyokusanywa na ndugu wawili wa ukoo wa Grimm, ambaye nguvu zake zaisha saa ile jina lake linapotajwa. Wamisri wa kale walisimulia jinsi Isis alivyomshurutisha mungu wa jua, Ra, amtajie jina lake la siri, ili apate uwezo juu yake. Marehemu aliligeuza jambo hilo chini juu. Katika Kusadikika jina la kweli li wazi mchana kutwa, na bado halimwokoi mtu, mpaka apatikane Karama wa kusimama na kusema hata mwisho. Karama huachiliwa, na wafungwa hufunguliwa. Lakini mimi sifikirii sana mwisho ule. Nafikiri miaka ile yote ambayo watu wazima walilitamka jina la Majivuno kwa adabu wala wasisikie walichokitamka. Hilo linanitisha kuliko Shing'weng'we.

Mwaka uliofuata, 1952, kilitoka Adili na Nduguze, na hapa, kwa heshima yote, naona alizidisha. Adili ni liwali wa Janibu katika ufalme wa Ughaibu, unaotawaliwa na Mfalme Rai. Rai ni maoni, na ughaibu ni kutokuwapo. Kwa hiyo mfalme ni Maoni, na nchi yake ni ile isiyokuwapo. Mchezo huo nimeupenda. Lakini Adili ana ndugu wawili waliogeuzwa manyani, ambao lazima awachape kila usiku, nao waitwa Hasidi na Mwivu. Wataalamu wameonyesha ya kuwa kisa hiki kinafanana sana na kimoja cha Alfu Lela U Lela, habari za Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra zama za Harun al-Rashid. Mle ndugu wamegeuzwa mbwa, na majina yao ni Nasir na Mansur, majina mazuri kabisa: mwenye kunusuru na mwenye kunusuriwa. Marehemu aliwavua majina hayo akawavika yale ya matendo yao.

Nasir anayemtosa nduguye baharini ni jambo la kushtua, kwa sababu jina lake lilikuwa limetuahidi kitu kingine. Hasidi akitenda uovu hashtui mtu. Tena nauliza: ni wazazi gani waliomtazama mtoto mchanga wakamwita Hasidi? Alihukumiwa kabla hajatambaa. Bwenini mwetu yuko mwenzetu aliyechota sukari ya mtu tulipokuwa kidato cha kwanza, akaitwa Kijiko. Sasa tu kidato cha nne, naye hajagusa kitu cha mtu tena. Lakini ndoo au sabuni ikipotea, macho ya watu humwendea yeye kwanza. Baadhi ya wanaomwita hivyo hawajui hata sababu, maana walihamia mwaka jana. Nikisoma habari za manyani wale wawili wakichapwa usiku, humkumbuka. Mwishoni hurudishiwa umbo la kibinadamu, ila Hasidi amebaki Hasidi na Mwivu amebaki Mwivu.

Ya kuwa jina laweza kuvuliwa, Marehemu alilijua vizuri sana, na ushahidi wake umo katika kitabu kingine ambacho si cha kubuni. Mwaka 1958 ulitoka Wasifu wa Siti binti Saad, habari za yule mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Unguja, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880 na kufariki 1950. Baba yake alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, yaani jirani yetu sisi, na mama yake Mzigua, yaani jirani ya watu wa Tanga. Mtoto huyo hakuitwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Mtumwa binti Saad alikua katika umaskini, akichukua vyungu vya udongo na kuvitembeza, akivinadi kwa sauti ambayo watu walianza kuisikiliza kuliko walivyovitazama vyungu. Alipohamia mjini na kufundishwa uimbaji, akaalikwa katika majumba ya wakubwa, na jina lile la kwanza likaondoka. Akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 sauti yake ilitiwa katika santuri huko Bombay, na santuri hizo zikauzwa Afrika ya Mashariki. Juu yake hapakuandikwa Mtumwa.

Jaribu kumchukua Mtumwa binti Saad umtie katika nchi ya Ughaibu. Angalikuwa mtumwa mpaka ukurasa wa mwisho, maana kule jina ni ngozi. Katika Unguja halisi lilivuliwa kama kanga iliyochakaa. Na aliyeandika habari zote mbili ni mtu mmoja, kwa muda wa miaka sita tu katikati. Ningependa sana kama katika hadithi zake za kubuni angalimtia walau mtu mmoja wa namna ya Siti, aanzaye kwa jina moja na kumalizia kwa jingine kwa juhudi zake mwenyewe.

Liko tena kundi la tatu la majina yake, ambayo aliyaunda kwa kuunganisha. Katika Utubora Mkulima yumo Utubora, mtu wa kazi ya mshahara mjini anayeiacha akaenda kushika jembe. Jina lake ni utu na bora. Katika Kufikirika yumo Utubusara, yaani utu na busara, mwalimu aliyetaka kuyabadili mafundisho ya mwana wa mfalme, akaachishwa kazi. Majina haya hakuyakuta msikitini wala kanisani wala kwa wazee. Aliyaunga mwenyewe kama seremala aungavyo mbao mbili, na kiungo hakionekani. Walimu watanisamehe nikisema kwamba mwalimu aliyeachishwa kazi kwa kufundisha vizuri ndiye mhusika wake ninayempenda kuliko wote.

Heshima alizopata zilikuwa nyingi, nami nitazitaja upesi. Alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Alipewa tuzo ya ukumbusho wa Margaret Wrong kwa ajili ya uandishi. Serikali ya Uingereza nayo ikampa nishani ya M.B.E., naam, serikali ile ile. Sijui kama kule London yupo aliyekuwa amekisoma Kusadikika kwa makini. Alifariki mwezi wa Juni 1962, umri wake miaka hamsini na mitatu, miezi sita tu baada ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, akazikwa kwao Machui. Dar es Salaam uko mtaa na iko shule ya sekondari yenye jina lake.

Vitabu vyake vingine havikuwahi kutoka naye angali hai. Utenzi wa Vita vya Uhuru, juu ya vita vya 1939 hata 1945, ulitoka mwaka 1967, na Utubora Mkulima mwaka 1968. Kufikirika alikiandika mwaka 1946, mwaka ule aliporudi kutoka Longido, lakini nacho kilichapishwa 1967. Wakati huo Waingereza walikuwa wamekwisha ondoka, Tanganyika imekwisha ungana na Zanzibar, na Utubusara alikuwa amekaa katika karatasi zilizoandikwa kwa mkono miaka ishirini na mmoja, akingoja kuitwa kwa jina lake.